Dole la Kipkemei Liko Bungoma

Kwa wewe ambaye gazeti la Jumamosi iliyopita lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, nitakueleza kwa kifupi. Mimi ni Kipkemei. Nilifanya kazi miaka kumi katika kiwanda cha kukausha mbegu za mahindi hapa Kitale, hadi asubuhi moja watu arobaini na mmoja tukapewa barua, tukaambiwa mashine mpya haihitaji mikono mingi. Mke wangu Rispah alilia. Mimi sikulia, kwa sababu nilijua kuna mfuko.

Mfuko huo ulianzishwa na wenye viwanda pamoja na chama chetu. Kila mwezi mfanyakazi anakatwa kidogo, na siku akipunguzwa kazi analipwa nusu ya mshahara kwa miezi sita huku akitafuta mahali pengine. Masharti ni mawili tu. Uwe huna kazi, na maombi yako yakubaliwe kabla ya siku sitini kuisha tangu tarehe ya barua.

Mimi nilienda siku ya arobaini na tisa. Usiniulize zile siku nyingine nilikuwa wapi. Nilikuwa naona haya kupanga foleni na watu niliokuwa nawasimamia.

Lakini siku hiyo ilikuwa lazima. Mwenye nyumba wetu, mzee Ngige, alikuwa amenipa hadi mwisho wa mwezi, na binti yetu Sandra alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shuleni mara mbili. Nikavaa shati la kanisani, nikaenda.

Ofisini nilimkuta mama mmoja aitwaye Bi Waruguru, mtu wa sauti ya chini na miwani minene. Alisoma barua yangu, akaguna, akaniambia niweke dole gumba kwenye kile kimashine chao. Niliweka. Kikawaka taa nyekundu. Akaniambia nipanguse dole, nirudie. Nyekundu tena. Akanitazama, akaitazama kompyuta.

"Bwana Kipkemei, wewe uko kazini."

Nilicheka. Nikamuuliza niko kazini wapi, na mimi ndiye huyu nimesimama mbele yake na barua ya kufukuzwa.

"Bungoma," akasema. "Kiwanda cha chakula cha mifugo. Mwezi uliopita umekatwa kama kawaida. Na dole la Kipkemei liko huko Bungoma, walilichukua mwaka jana. Hili lako hatulijui."

Kiwanda chetu cha Kitale hakikuwahi kutupeleka kuchukuliwa alama za vidole. Kila mara tuliambiwa mwezi ujao. Walikuwa wakituma majina na namba za vitambulisho tu, na jina langu na namba yangu vilikuwa vimekaa pale kwenye kompyuta pamoja na kidole cha mtu mwingine.

Bi Waruguru akaniuliza kama namjua mtu anayetumia jina langu. Nikasema simjui. Hapo nilidanganya.

Namjua. Tumelala naye kitanda kimoja tangu tukiwa na miaka sita.

Sasa nisikilizeni, maana hii sehemu sijawahi kumwambia mtu ila mke wangu. Mama yangu anaitwa Chesang. Dada yake mdogo alipofariki alimwacha mtoto mmoja, Kipngetich, na Mama akamchukua akamlea pamoja na mimi kule kwetu mlimani, upande wa Kaptama. Tulifanana mpaka mwalimu alikuwa akimchapa mmoja kwa makosa ya mwingine. Mimi nilimaliza kidato cha nne. Yeye aliacha shule darasa la sita, kwa sababu karo ilitosha mmoja na huyo mmoja nikawa mimi.

Mwaka wa 2018 alikuja kwangu Kitale akiwa amekonda. Alikuwa amepata habari ya kazi Bungoma, lakini wanataka cheti cha kidato cha nne. Akaniomba cheti changu. Cheti kikienda, kitambulisho nacho lazima kiende, ili majina yalingane. Huku kwetu jambo hilo si geni. Watu wameazimana vitambulisho kupimiwa mbolea ya serikali, kuandikishwa vibarua, hata kulipia mali ng'ambo ya mpaka pale Lwakhakha. Ndugu akikwama, unampa.

Mimi nilimpa. Sikumpa nakala, nilimpa kitambulisho chenyewe, kile nilichopigwa picha nikiwa na miaka kumi na minane, kimesuguka hata pua haionekani vizuri. Kazini kwangu nikasema kimepotea, nikaleta karatasi ya polisi, na kitambulisho kipya sikukifuatilia. Kazi nilikuwa nayo na laini ya simu nilikuwa nimeshasajili, kwa hiyo nikaona sina haja.

Na kwa kuwa hapa nimeamua kutubu, niongeze hili. Sikumpa bure. Mishahara yake mitatu ya kwanza tuligawana nusu kwa nusu, na mimi ndiye niliyetaka hivyo.

Rispah ndiye pekee aliyenikanya wakati ule. Yeye ni mtu wa Bokoli, na akikasirika Kiswahili chake kinahamia kwao kabisa. Jioni ile nilipomweleza ya Bi Waruguru, aliweka mwiko chini.

"Nirikwambia, Baba Sandra. Jina si jembe, ati unaazima mtu asubuhi harafu anarudisha jioni."

Niliuokota mwiko nikakoroga mimi. Mwanamke akiwa na haki, dawa yake ni kunyamaza.

Bi Waruguru alikuwa amenipa njia moja. Kila Alhamisi yeye hukaa ofisi ya Bungoma. Angemwita huyo mtu wa huko, na mimi nije na mzazi wangu aliye hai anitambue mbele yake. Barua ya chifu hakuitaka, alisema za aina hiyo amezichoka. Mzazi akisema huyu ndiye mwanangu na kuweka dole lake, jina linarudishwa kwa mwenyewe na maombi yanapita siku hiyo hiyo. Alhamisi ya wiki iliyofuata ingekuwa siku ya hamsini na nane.

Jumamosi nikaenda Bungoma kumwona ndugu yangu kabla ya barua ya ofisi kumfikia.

Nilifika mtaani kwake nikauliza nyumba ya Kipngetich. Hakuna aliyemjua. Nikaeleza umbo lake na kazi yake, na mwanamke mmoja muuza mboga akacheka, akasema, "Si useme tu unatafuta Kipkemei. Huyo ni mzee wa kanisa letu."

Nilisimama pale nikasikia jina langu likitajwa kwa heshima ambayo sijawahi kuisikia Kitale.

Kipngetich alinipokea vizuri kupita kiasi. Alichinja kuku. Mkewe alikuwa akimwita Kipkemei, naye Kipngetich akanitambulisha kwake kama ndugu yake wa mlimani, jina hakusema. Tulipotoka kwenda kunyoosha miguu ndipo nikamwambia yote. Nilidhani atalia au atanirukia. Hakufanya hivyo, alitembea tu akipiga kijiwe kwa kiatu.

"Miaka nane, bana," akasema. "Sasa mimi nikitoa jina lako, nabaki nani?"

Nikamwambia anabaki yule aliyezaliwa. Nikamwambia nimeshafikiria yote. Aseme alikiokota kitambulisho, alikuwa na njaa, anaomba radhi. Kazi ataikosa, lakini nitamgawia nusu ya kila nitakacholipwa kwa miezi sita. Wakati nasema hayo nilijiona mtu mkarimu sana.

Akaniuliza ni mzazi yupi atakayekuja kunitambua. Nikamwambia ni Mama, kwani kuna mwingine?

"Ni sawa," akasema. "Mama akikuja, mimi nitafuata chenye atasema."

Tukapeana mikono. Nikarudi kwake nikamalizia kuku. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi siku hiyo nilikuwa nimeivaa nguo yenyewe na kuifunga vifungo.

Jumapili nikapanda kwa Mama. Ilikuwa miaka mitatu tangu nifike pale, na wa mwisho kunikumbusha alikuwa Rispah, aliyeniambia mara mbili kwamba Mama amepiga simu, hajisikii vizuri. Nilisema nitampigia. Mtu mwenye kazi husema hivyo na kuamini amefanya.

Nyumba ilikuwa na mabati mapya. Tangi la maji lilikuwa pembeni. Nilimsifu Mama kwa kujikaza, naye akanitazama tu.

Alikuwa amepungua. Alivaa sweta la mikono mirefu ingawa jua lilikuwa kali, na chai yake aliimimina kwenye kikombe kidogo cha mtoto, akanywa kwa kuhesabu mafunda. Nikamuuliza kama ni mafua. Akasema si mafua, akaniuliza habari za Sandra.

Nilimweleza shida yangu. Sikuficha kitu, hata kile cha mishahara mitatu. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja.

"Ukishapata jina lako, Kipngetich atabaki na kazi?"

"Atafukuzwa, Mama. Lakini nitamgawia."

"Utamgawia," akasema. Akatazama nje, kwenye lile tangi.

Nikamwomba aje Bungoma Alhamisi. Nikamwambia nitamtumia nauli. Akasema nisitume, Alhamisi atakuwa Bungoma hata hivyo. Na ningekuwa mtoto wa maana ningemuuliza anaenda kufanya nini Bungoma. Sikuuliza. Niliona tu kwamba nauli imeokoka.

Aliponisindikiza hadi njiani, alinishika mkono kwa muda mrefu. Akasema atasema ukweli mbele ya Mungu. Nikashuka mlima nikipiga mluzi.

Alhamisi nilifika ofisini wa kwanza. Nilikuwa na barua ya kufukuzwa, nakala yangu ya kitambulisho iliyofifia, na ile karatasi ya polisi ya miaka minane. Rispah alikuwa amenipigia shati pasi mara mbili. Bi Waruguru alinisalimu, akaniambia nikae.

Kipngetich aliingia saa nane mchana. Alikuwa amevaa suti. Kwa mkono mmoja alikuwa anamwongoza Mama asijikwae kizingitini.

Nilishangaa kidogo kuwaona pamoja, nikajiambia labda wamekutana nje. Nikasimama kumpisha Mama kiti. Mama akapita, akakaa kwenye kiti kilichokuwa upande wa Kipngetich.

Bi Waruguru akatueleza kwamba mmoja wetu anatumia jina lisilo lake, na hilo ni kosa la jinai. Akasema kama mhusika atakubali hapo hapo na jina likarudi kwa mwenyewe, yeye hana haja ya kuita polisi. Kama tutabishana, faili litaenda kwao, vidole vitachukuliwa upya, na mwongo atalala ndani. Akamgeukia Kipngetich, akamuuliza ana la kusema.

Nilimtazama ndugu yangu na kumtikisia kichwa kidogo, kumkumbusha tulivyopanga.

Kipngetich akaingiza mkono kwenye koti. Akaweka mezani kitambulisho changu. Akaweka kadi ya kazi yenye sura yake na jina langu. Halafu akaweka kadi ya tatu, ya kijani, ambayo sikuwahi kuiona.

"Mimi ndio Kipkemei," akasema. "Na huyu ni mama yangu."

Nilisema anadanganya. Nilisema tulikubaliana Jumamosi, tukapeana mikono. Bi Waruguru akaniinulia kiganja ninyamaze, akachukua ile kadi ya kijani, akaisoma kwa sauti ndogo. Ilikuwa kadi ya matibabu ya kiwanda chao. Mwanachama, Kipkemei. Mzazi anayetibiwa kwa kadi ya mwanachama, Chesang.

"Mama, hii kadi unaitumia?"

"Naitumia," Mama akajibu. "Jumatatu na Alhamisi. Leo nimetoka huko."

Akakunja mkono wa sweta. Mkono ule ulikuwa umefungwa bandeji kuanzia kiwikoni, na chini yake mshipa umevimba kama kamba. Akaeleza kwa utulivu kwamba figo zake zilikataa mwaka juzi. Mara mbili kwa wiki anafungwa kwenye mashine, damu inasafishwa, inarudi. Kiwanda kinalipia kila kitu, kwa sababu yeye ni mama wa mfanyakazi.

Akasema wakikosa kumsafisha wiki mbili, anaondoka. Alisema hivyo kama anayetaja bei ya viazi.

Nilikaa. Zile simu mbili alizonieleza Rispah zikanirudia kichwani, pamoja na kikombe kidogo cha mtoto, na tangi, na mabati. Tangi na mabati yalikuwa yameletwa na Kipkemei, ila hakuwa mimi.

Na niseme kweli, huruma haikuja kwanza. Kilichokuja kwanza ni hasira. Hawa watu wawili walijua. Miaka miwili Mama alikuwa akitibiwa kwa jina nililopewa mimi siku ya kuzaliwa, na hakuna aliyeniambia, kwa sababu walijua siku moja nitalitaka. Walinilisha kuku. Walinisindikiza njiani. Kumbe Mama aliponishika mkono kwa muda mrefu vile alikuwa ananiaga.

"Mama," nikasema, "kwa nini hukunieleza Jumapili?"

"Nilikupigia simu mwaka juzi," akasema. "Ukasema utanipigia."

Bi Waruguru alikuwa amevua miwani yake. Aliipangusa kwa leso, akaivaa tena, akavuta fomu mbele yake. Nadhani alikuwa ameanza kuelewa zaidi ya alivyotaka kuelewa. Lakini fomu ina nafasi ya jibu moja tu.

"Mama Chesang, nitakuuliza mara moja na utaweka dole lako hapa. Kati ya hawa wawili, mwanao Kipkemei ni yupi?"

Mama alinitazama mimi. Alinitazama vizuri, kama anayetaka kunikumbuka. Nilidhani, hata wakati ule, kwamba hawezi. Mimi ndiye niliyemtoka tumboni.

Akainua ule mkono wenye bandeji, akauweka kwenye bega la Kipngetich.

"Ni huyu."

Kipngetich akainamisha kichwa. Sitaki kumdanganya mtu, ndugu yangu hakufurahi. Alikuwa analia bila sauti, machozi yakidondokea kwenye tai.

Mama akaweka dole lake kwenye wino, akalibandika kwenye fomu. Bi Waruguru akaandika, akapuliza karatasi ikauke, kisha akanigeukia. Akaniuliza kama mimi si Kipkemei, basi mimi ni nani.

Mama ndiye aliyejibu.

"Huyo ni Kipngetich," akasema. "Mtoto wa marehemu dada yangu. Nilimlea mimi. Madam, usimfunge, ni shida ya kukosa kazi imemchanganya."

Miaka arobaini nimekuwa na mama, na kwa sentensi tatu nikawa yatima.

Bi Waruguru akatoa karatasi nyingine, nyeupe, yenye mistari. Akasema hataita polisi kwa heshima ya mama mgonjwa, lakini ni lazima niandike kwa mkono wangu kwamba maombi niliyoleta si yangu, niweke jina langu halisi, na nitie sahihi. Nikikataa, nina haki yangu, faili litaenda polisi alasiri hiyo, vidole vitasema, na kadi zote za yule atakayeonekana mwongo zitasimamishwa siku hiyo hiyo. Ile ya kijani ikiwemo.

Akanisukumia karatasi na kalamu.

Simu yangu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Nilijua ni Rispah, anataka kujua kama amwambie mzee Ngige kwamba pesa inakuja.

Nilishika kalamu. Kipngetich hakuweza kunitazama. Mama alikuwa ameshusha mkono wa sweta na kuufunika ule mshipa, na macho yake yalikuwa kwenye vidole vyangu, akisubiri kuona nitaanza na herufi gani baada ya ile Kip.